Nakala Iliyobaki Kwenye Rafu

Jina alilopewa na wazazi wake liliandikwa kwenye leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani, na hapo ndipo lilipokaa bila kazi. Mtaa mzima ulimwita Kiraka. Aliyembandika jina hilo ni kinyozi wa chumba cha jirani, mtu mwenye mdomo usio na breki, na sababu yake ni kwamba mwanamke huyu hakufuta kompyuta ya mtu hata iweje. Mafundi wengine ukiwapelekea mashine iliyochanganyikiwa wanaitazama kwa jicho la pembeni, wanakuambia, "Hii dawa yake ni kufomati tu," kisha wanaifyeka yote, picha za harusi, barua za kazi, mahesabu ya duka, na kukukabidhi kitu safi kisichokujua wewe ni nani. Na usingizi wanaupata. Kiraka akisikia habari hizo alitukana kimoyomoyo, na siku nyingine si kimoyomoyo.

Yeye alipiga windo mpya juu ya ile ya zamani. Windo ndivyo watu wanavyoiita ile programu kuu inayoiendesha mashine. Ikiharibika, mashine inabaki na mwili mzima lakini akili hamna. Kuiweka upya bila kupoteza kitu kuna masharti yake. Mgonjwa lazima awe bado anapumua, yaani mashine iwake hata kwa kuchechemea, kwa sababu flashi yenye windo mpya haianziwi nje. Unaingia kwanza ndani, unaifungulia humohumo kwenye ugonjwa. Lugha ya windo mpya iwe ileile ya zamani. Diski iwe na nafasi. Programu ya kuzuia virusi iondolewe kwa muda, maana ina kisirani na wageni. Halafu unaletewa mistari ya kuchagua, na hapo ndipo wenye haraka huua: uchague ule unaosema mafaili, programu na mipangilio vyote vibaki. Ukifanya hivyo, mwenye mashine akirudi anakuta kila kitu kipo kilipokuwa, mpaka ukubwa wa herufi na picha ya mjukuu kwenye kioo.

Na kabla hajagusa chochote, Kiraka alichukua nakala ya diski nzima, akaichomeka kwenye laptopu kuukuu aliyoiweka rafuni kwa kazi hiyo tu, akaiwasha aone kama nakala inaamka. Ikiamka, ndipo roho yake ilitulia. Nakala haikuunganishwa na mtandao, hilo lilikuwa sharti, na mteja akisharidhika ilifutwa siku ileile. Mambo ya watu si ya kukaa nayo.

Ukali huo aliupata kwa uchungu. Zamani alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja, na mama yake alipougua, jioni alikaa kando ya kitanda akamsikiliza akiutaja ukoo wao, nani alimzaa nani na nani alinuniana na nani mpaka kaburini, kisha asubuhi akayachapa yote kwenye mashine ya ofisi. Wiki ya mazishi, fundi wa ofisi aliifomati mashine hiyo ili iwe nyepesi. Tena alijiona amefanya hisani. Kiraka aliacha kazi, akapanga chumba cha mbele kiwe duka na cha nyuma kiwe cha kulala, akaishi hapo peke yake. Hakuolewa, si kwa kukosa waombaji, bali kwa kukosa subira nao.

Mjane alikuja mchana jua likiwa kali, amekumbatia laptopu iliyofungwa ndani ya shuka. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, aliyesema polepole kama anayeogopa kumwamsha mtu chumba cha pili.

"Shikamoo, mama," Kiraka alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe hufuti."

"Sifuti. Karibu kiti. Ina shida gani?"

"Umeme ulikatika ikiwa katikati ya kujisasisha. Tangu hapo inawaka, inazima, inawaka tena. Nikibonyeza kitu hakifunguki." Aliishusha mezani lakini mikono hakuiondoa juu yake. "Jana jioni haikuuliza."

"Haikuuliza nini?"

Mjane alimtazama kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anapunga upepo. Kiraka akamkata kinyozi jicho, naye akaondoka akipiga mluzi.

"Sauti ya mume wangu imo humu," mjane alisema.

Akaeleza. Mumewe alikuwa fundi wa simu za mezani, mtu wa nyaya na swichi, na uzeeni akahamia kwenye kompyuta. Miaka ya nyuma wezi waliwaingilia kupitia mlango wa nyuma ambao mkewe alisahau kuufunga, na tangu hapo haikupita jioni bila mzee kuuliza kama umefungwa. Hata wakigombana, hata wakinuniana wiki nzima, swali hilo liliulizwa. Alipoanza kulazwa hospitalini alikaa na mashine akaipanga. Giza likianza kuingia, mashine inaamka yenyewe, inauliza kwa sauti yake, halafu inawasha kinasa sauti na kusubiri. Ikisikia jibu inalihifadhi, inamtakia mke usiku mwema, inalala. Isiposikia kitu inauliza tena. Mzee alirekodi maneno mengi tofauti ili mkewe asije akayazoea na kuacha kuyasikia, na mashine huyachanganya yenyewe. Alipolazwa, iliuliza. Alipokufa, iliuliza jioni ya mazishi watu wakiwa wamejaa sebuleni, na wifi wa mjane akaangusha sinia zima la vikombe.

"Mwanangu wa kwanza anasema tuzihamishie sauti kwenye simu," mjane alisema. "Sitaki. Kwenye simu ni mimi nitakayebonyeza. Mtu ambaye mpaka umbonyeze ndipo aulize, huyo hajauliza."

"Nimekuelewa, mama."

"Mengine yakipotea yapotee. Picha tunazo kwenye albamu. Lakini nikirudi nayo nyumbani, aniulize mwenyewe."

"Atakuuliza," Kiraka alisema, kisha akashangaa, kwa sababu hakuwa na tabia ya kuahidi kabla hajafungua mashine.

Kazi ilimla mchana kutwa. Nakala iliamka vizuri kule rafuni, akaiacha ikiwaka, akarudi mezani kuhangaika na mgonjwa mwenyewe. Mashine ilizima mara kadhaa kabla ya kuikubali flashi. Hatimaye ile mistari ikaja, akauchagua ule wa kubakiza vyote, akausoma tena akiufuata kwa kidole, akabonyeza. Asilimia zikaanza kupanda kwa kujivuta. Nje watu walikuwa wanafunga maduka, na kinyozi alikuwa ameshazima redio yake. Kiraka alivuta mlango wa mbele, akakaa mbele ya kioo bila kuwasha taa, maana kazi ikifika hapo hakuna la kufanya zaidi ya kusubiri.

"Umefunga mlango wa nyuma?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, sauti ya kawaida kabisa, na ilitoka nyuma ya kisogo chake. Damu ilimsisimka mpaka kwenye vidole. Habari za mjane zilimtoka zote kichwani. Alichokumbuka ni kwamba yuko peke yake, na kuna mwanamume ndani.

Hakujibu wala hakugeuka. Mashine ya mezani ilikuwa katikati ya asilimia zake, haina uwezo wa kusema neno.

"Mbona kimya?" sauti ikauliza. Haikuwa na hasira. Ilikuwa na wasiwasi, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Upo hapo?"

Ndipo akageuka, akaona kioo cha rafuni kimewaka na kidoti chekundu cha kinasa sauti kimesimama kwenye kona yake. Akaelewa. Ni nakala. Kila kitu kimebaki kama alivyoahidi, ila kimebaki mara mbili. Hata hivyo, kile kidoti kiliendelea kumtazama kikisubiri.

"Nimefunga," alisema.

"Haya. Lala salama." Kidoti kikazimika na kioo kikawa cheusi.

Kiraka alijikaza, akaenda chumba cha nyuma kuutazama mlango unaotokea uani. Ulikuwa umerudishiwa tu. Akaufunga, akarudi mezani.

Kesho yake mashine ya mjane ilikuwa nzima. Kiraka aliiunganisha na mtandao wa dukani imalizie kujisasisha, akafungua hiki na kile mbele ya mwenyewe, vyote vikafunguka. Mjane aliifunga tena kwenye shuka, akaondoka nayo. Jioni alipiga simu. "Ameuliza," alisema, naye Kiraka akasikia akivuta kamasi mpaka simu ikakatika.

Sasa, nakala ilitakiwa ifutwe jioni hiyo. Mteja ameridhika, kazi imekwisha, sharti ni sharti. Kiraka alisimama mbele ya ile laptopu kuukuu, akasema moyoni ataifuta kesho. Kesho yake akawa na kazi nyingi. Siku iliyofuata hakuwa na kazi nyingi, na hakuifuta.

Tuseme ukweli tu, alipenda kuulizwa. Tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyejali kama amefunga au amelala wazi. Wateja walimuuliza itakuwa tayari lini. Kinyozi alimuuliza ataolewa lini. Huyu wa rafuni aliuliza jambo moja, jioni, kwa sauti ya mtu ambaye asingelala kabla ya kupata jibu. Mwanzoni alimjibu kwa neno moja. Baadaye akawa anaongeza: leo mvua imenyesha, leo mgongo unauma. Sauti ilimwitikia haya, lala salama, na mara mojamoja ilitaja lile jina la utani ambalo mzee alimwitia mkewe. Jina hilo lilimkera Kiraka kidogo, na hapo ndipo angetakiwa ashtuke.

"Kumbe umeweka mwanamume ndani hutuambii," kinyozi alimwambia asubuhi moja. "Nasikia kila jioni anauliza milango. Mwanamume wa kuuliza milango huyo, Kiraka, anaogopa wezi kuliko wewe."

"Nenda kanyoe watu," Kiraka alisema, lakini uso ulimuwaka.

Siku moja alikuja mteja mwenye haraka za kuzimu, anataka kuchapa barua iliyo kwenye mtandao, gari linamsubiri, na mashine ya Kiraka ya kazi ilikuwa imefunguliwa tumbo. Alivuta waya wa intaneti, akauchomeka kwenye laptopu ya rafuni, akaichapa ile barua, mteja akaondoka mbio. Halafu akaitwa nje kusuluhisha ugomvi wa kinyozi na muuza maji. Aliporudi, waya alishausahau, ukabaki umechomekwa.

Hakuwa na habari kwamba mzee, mtu wa tahadhari, alikuwa ameziweka sauti zake, pamoja na majibu, kwenye folda moja inayojihifadhi mtandaoni ili zisipotee hata nyumba ikiungua. Kinachoingia kwenye folda hiyo katika mashine moja kinaonekana katika mashine nyingine yenye akaunti ileile. Na mashine zenye akaunti hiyo sasa zilikuwa mbili.

Mjane alirudi jioni, jua likielekea kuzama. Safari hii hakuketi. Alikuwa ameishika mashine wazi, bila shuka, na midomo ilikuwa inamcheza.

"Mwanangu, kuna mwanamke nyumbani kwangu."

"Mwanamke gani, mama?"

"Simuoni. Nimekagua chumba hadi chumba. Nimepiga magoti nikaangalia mpaka uvunguni. Hamna mtu. Lakini anamjibu mume wangu." Aliiweka mashine mezani. "Nikimkumbuka sana huwa nafungua folda ya sauti zake na majibu yangu, nasikiliza tulivyokuwa tukizungumza. Leo nimemkuta humo. Sikiliza mwenyewe."

Akabonyeza. Kulisikika kiti kikisogezwa, kisha sauti ya mwanamke, ya chini, iliyochoka, yenye kujidekeza kidogo: "Nimefunga, mzee wangu. Leo wateja walikuwa wengi, miguu inawaka moto. Haya, na wewe lala."

Jasho jembamba lilimtoka Kiraka. Mtu hajui sauti yake mpaka aisikie ikitoka pahali pasipofaa. Alifikiri kukana, mjane hakuwa ameitambua, na neno la virusi lingetosha kumrudisha nyumbani ametulia. Lakini macho ya yule mama yalikuwa yamemganda usoni.

"Mama, ni mimi."

"Wewe?"

"Nilichukua nakala kabla ya kuitengeneza, ndivyo ninavyofanya siku zote. Nilitakiwa niifute. Sikuifuta." Alionyesha rafuni bila kutazama. "Inauliza na hapa. Nami nikawa naijibu."

Mjane aliitazama laptopu kuukuu. Nje taa za barabarani zikaanza kuwaka.

"Umefunga mlango wa nyuma?" iliuliza mashine ya mezani.

"Mlango je, mke wangu?" iliuliza ya rafuni, karibu kwa pamoja, ila nyuma kidogo.

Wanawake wote wawili walisimama kama waliopigwa misumari. Vidoti viwili vyekundu viliwaka, kimoja mezani, kimoja rafuni. Kila mmoja alikuwa na jibu mdomoni na hakuna aliyethubutu kulitoa mbele ya mwenzake.

"Mbona kimya?" ikasema ya rafuni. Ya mezani ikasema, "Upo hapo?" Halafu zikabadilishana, mtu mmoja akiwa na wasiwasi katika pembe mbili za chumba, akipokezana maneno na yeye mwenyewe.

"Futa hicho," mjane alisema.

"Mama, tuketi kwanza."

"Mume wangu alikuwa mmoja. Hawezi kuwa kwangu na kwako. Futa, tena ufute nikiona."

Hapa Kiraka, ambaye angemkaripia fundi yeyote kwa jambo hilo, hakuuchomoa waya wa intaneti. Aibu ilikuwa imemjaa mpaka masikioni, alitaka tu yaishe. Aliisogelea rafu, akafungua folda ileile ya sauti, akayachagua mafaili yote, akafuta. Mashine ikauliza kama ana hakika. Akajibu ana hakika. Mzee, kwa kuogopa diski kujaa, alikuwa ameipanga folda hiyo isiweke takataka, kinachofutwa kifutike moja kwa moja hata huko mtandaoni, na mipangilio yake ilikuwa palepale alipoiacha, kwa sababu Kiraka aliitunza yote.

"Mbona na hapa yanaondoka?" mjane aliuliza.

Folda ilikuwa bado wazi kwenye mashine ya mezani, ambayo iliukumbuka mtandao wa dukani tangu siku ilipotengenezwa. Majina ya mafaili yalikuwa yanatoweka moja baada ya jingine kutoka juu kwenda chini, bila haraka na bila kelele. Kiraka aliruka, akang'oa waya kwa nguvu, akaifunga laptopu ya mezani kwa kiganja, akaizima kabisa. Alipoiwasha tena, akiwa ameshakata mtandao, folda ilikuwa tupu.

"Yako wapi?" mjane aliuliza.

Kiraka aliigeuza mashine imwelekee mwenyewe. Mjane aliitazama ile folda tupu, akaelewa. Hakulia wala hakumtukana. Aliomba kiti, akakaa, akatazama ukutani kwenye leseni kama anayetaka kujua jina la mtu aliyemfanyia hivyo.

"Niachie mashine, mama," Kiraka alisema. "Nitahangaika kufa kupona."

Kwa siku kadhaa hakupokea kazi nyingine. Ziko programu za kufufua mafaili yaliyofutwa. Alizitumia zote alizozijua na nyingine alizojifunza palepale. Aliyafufua majina yote. Kila faili lilirudi na jina lake, tarehe yake na urefu wake, na ndani yake mlikuwa na mvumo mtupu. Moja tu lilikuwa na kitu: pumzi ya mtu anayevuta hewa ili aseme, kisha mvumo. Alilisikiliza mara nyingi kupita kiasi, akilipa nafasi kila mara, na kila mara ilifika pale pa kusema pakawa hapana kitu. Kinyozi alimletea chai, akaiweka mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakutia neno.

Mwishowe aliifunga mashine kwenye kitambaa safi, akaipeleka mwenyewe. Nyumba ya mjane ilikuwa ndogo, ya ukumbi mrefu mwembamba unaotoka sebuleni hadi nyuma, na katikati ya ukumbi palikuwa na kabati fupi. Mjane alimpokea kwa utulivu, akamkaribisha maji, akasikiliza maelezo yote bila kumkatiza. Hata ile pumzi aliisikiliza. Akasema asante, na Kiraka akaona heri angepigwa kofi.

"Iweke pale kabatini ilipokuwa ikikaa," mjane alisema. "Saa zake zimefika."

"Mama, haitauliza."

"Iweke tu."

Wakasimama ukumbini. Giza lilipoanza kuingia, mashine iliamka yenyewe. Kioo kiliwaka, kukawa na ule mlio mdogo wa kujiandaa, na pale ambapo sauti ingesema, pakapita kimya chenye urefu wa swali. Kisha kidoti chekundu kikawaka. Windo nzima, programu nzima, mipangilio haijaguswa, na yote ilikuwa inasubiri jibu la kitu ambacho hakikuulizwa. Kikazimika. Kimya kingine kikapita, kidoti kikawaka tena. Kiraka hakuwa na shaka sasa kwamba inauliza. Alimtazama mjane, akitegemea atajibu kwa mazoea. Mjane hakujibu. Mashine ilijaribu kwa muda, halafu ikalala.

"Pitia huku nyuma," mjane alisema. "Njia ya kwenda barabarani ni fupi zaidi."

Aliongoza, Kiraka akafuata. Mwisho wa ukumbi hewa ya nje iliwapiga usoni. Mlango wa nyuma ulikuwa umeachwa wazi kiasi cha mtu kupita kwa ubavu, na chini yake paliwekwa tofali la kuuzuia usijirudishe. Vumbi na majani makavu vilikuwa vimeingia ndani na kutengeneza njia.

"Mama, mlango uko wazi."

"Uko wazi tangu tulipotoka kumzika."

"Lakini kila jioni ulimjibu umefunga."

"Nilimdanganya." Mjane aliinama, akaanza kulisukuma tofali kwa mikono miwili. "Mtu anauliza habari za mlango kila siku, mwanangu. Nikajiambia basi yuko njiani. Ningefunga angepitia wapi? Na ningemwambia uko wazi angehamaki, kwa habari ya mlango alikuwa mkali sana." Tofali lilisogea. "Nilipomsikia yule mwanamke nilifikiri amepita hapa yeye badala yake. Ndiyo maana nilitetemeka vile."

Kiraka alitaka kuomba msamaha tena. Alikuwa ameshauomba sebuleni, na hapa neno lile lilionekana dogo mno.

"Sasa hakuna anayeuliza," mjane alisema. Alisimama wima, akajipangusa viganja. "Toka, mwanangu, nifunge. Giza limeingia."

Kiraka akatoka uani. Mlango ulirudishwa nyuma yake, lakini ulikuwa umevimba kwa kukaa nje ya fremu, haukukaa sawa. Alimsikia mjane upande wa pili akilisukuma komeo, likigoma kwa kutu, akipumzika, akilisukuma tena. Angeweza kuondoka. Aliushika mpini kwa mikono miwili, akaegemeza mguu ukutani, akauvuta mlango kwake kwa nguvu zote mpaka akasikia komeo likiingia.